Freddie Mercury, wahakiki wa filamu, na wasifu wa mjomba wangu



Vijana wenzangu, somo la leo linaanzia mahali ambapo huenda hamkutegemea: kwenye filamu. Wiki tatu zilizopita baadhi yetu wa VIWAWA tulikaa sebuleni kwa mwenzetu mmoja, tukaunganisha kompyuta na runinga, tukaangalia Bohemian Rhapsody, filamu ya mwaka 2018 kuhusu maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Wengine walikuwa wanazijua nyimbo zake tangu utotoni bila kujua ni za nani. Wengi hawakujua kabisa kwamba yule jamaa wa masharubu na nguo za kubana alizaliwa hapa kwetu, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara.

Filamu ilipoisha watu walikuwa kimya. Wawili watatu walikuwa wanafuta machozi na kusingizia usingizi. Usiku uleule, kwenye kundi letu la WhatsApp, mmoja wetu akaandika kwa kifupi kwamba tumeona wenyewe mwisho wa dhambi ulivyo. Zikafuata alama za makofi, nilihesabu kumi na moja. Mimi sikujibu. Nilikaa na simu mkononi nikijua kuna kitu hakiko sawa. Mwanzoni nilidhani ni ile meseji tu. Baadaye nikaona kwamba mwenzetu alikuwa amesoma kile ambacho filamu yenyewe ilikuwa imempangia asome. Na baadaye zaidi, hapa ndipo ilipouma, nikagundua kwamba na mimi niliwahi kuandika jambo la namna hiyohiyo, juu ya mtu wa damu yangu, na nikalisoma kwa sauti mbele ya jeneza lake.

Basi twende polepole.

Watu waliipenda, wahakiki hawakuipenda

Kwanza mjue filamu hii ilipokelewaje, maana ni kisa cha ajabu kidogo. Ilianza kuonyeshwa Uingereza mwishoni mwa Oktoba 2018. Iliingiza zaidi ya dola milioni 900 duniani kote, fedha ambazo filamu za maisha ya wanamuziki hazikuwa zimezoea. Januari 2019 ikapata tuzo ya Golden Globe ya filamu bora katika kundi la filamu nzito, na mwezi uliofuata ikachukua Oscar nne, nyingi kuliko filamu nyingine yoyote usiku ule. Moja ilikwenda kwa Rami Malek, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wakopti kutoka Misri, aliyeigiza kama Freddie. Nyingine zilikuwa za uhariri wa filamu, uhariri wa sauti na uchanganyaji wa sauti.

Sasa ukiwauliza wahakiki, yaani wale ambao kazi yao ni kuangalia filamu na kuziandikia magazetini, mambo yalikuwa tofauti. Kwenye mtandao wa Rotten Tomatoes, unaokusanya maoni yao, ni kama asilimia 60 tu waliosema inafaa. Watazamaji wa kawaida waliipa alama za juu sana. Yaani mama mmoja anatoka ukumbini analia kwa furaha, mhakiki aliyekaa kiti cha pili anatoka amekunja uso.

Sisi huku tuna tabia ya kusema wahakiki ni watu wenye kisirani tu. Siwezi kubisha, wengine ni hivyo. Lakini nilikaa nikazisoma hoja zao, na nyingi zilikuwa na uzito. Karibu wote walimsifu Malek. Alivaa meno bandia yafanane na ya Freddie, akajifunza mpaka namna ya kugeuza shingo na kushika kipaza sauti. Sauti unayoisikia akiimba ni mchanganyiko wa rekodi za Freddie mwenyewe, sauti ya Malek, na sauti ya Mkanada Marc Martel, ambaye, hili litawafurahisha watu wa kwaya, alianzia katika bendi ya muziki wa Kikristo. Walisifu pia dakika za mwisho, lile tamasha la Live Aid lililorudiwa kwa uangalifu mpaka vikombe vilivyokuwa juu ya piano.

Walilalamikia nini basi? Wengine walisema filamu imekwenda kwa njia iliyozoeleka mno: kijana maskini, kipaji, utajiri, kiburi, kuanguka, kuomba msamaha, kushangiliwa. Wengine walicheka ule uhariri uliopewa Oscar; kuna kipande kimoja bendi inakutana na meneja mezani, picha zinakatwa-katwa mpaka macho yanachoka, na mhariri mwenyewe alikuja kukiri kwamba akikiona anaona haya. Ni kweli pia kwamba kazi ilivurugika njiani. Mwongozaji Bryan Singer aliachishwa kazi Desemba 2017 kabla ya kumaliza, akaletwa Dexter Fletcher kumalizia. Hayo ya kiufundi tuyaache, hayatuhusu sana.

Lalamiko zito lilikuwa jingine. Walisema filamu imesema uongo juu ya marehemu, na uongo wenyewe umepangwa ili tupate funzo.

Tarehe iliyohamishwa

Filamu yoyote inabana mambo. Miaka arobaini na mitano ya mtu haiwezi kuenea katika saa mbili na dakika chache. Kwa hiyo wakikuonyesha Freddie ana masharubu siku wanapotunga wimbo wa mwaka 1977, wakati masharubu yalikuja 1980, unacheka tu na kuendelea. Wakibuni bosi wa kampuni ya muziki anayekataa wimbo wao mrefu, mtu ambaye hakuwahi kuwepo, sawa, ni chumvi ya hadithi. Sina ugomvi na chumvi.

Ila sikiliza jinsi filamu inavyopanga sehemu yake ya mwisho. Freddie anawasaliti wenzake kwa kusaini mkataba wa kuimba peke yake. Bendi inasambaratika. Anaishi Ujerumani katikati ya sherehe, ulevi na marafiki wabaya. Anapungukiwa. Anagundua ana UKIMWI. Anarudi kwa wenzake kichwa chini, anaomba msamaha, anawaambia habari za ugonjwa wakati wa mazoezi, halafu wote kwa pamoja wanapanda jukwaani Live Aid, Wembley, tarehe 13 Julai 1985. Anaimba kama mtu anayejua anakufa. Unalia. Hata mimi nililia.

Mambo halisi ni haya. Queen haikuwa imevunjika. Mwaka 1984 walitoa albamu mpya, wakaenda ziara ndefu, wakapiga Rio de Janeiro Januari 1985, na ziara ile ikaishia Japani Mei 1985, miezi miwili tu kabla ya Live Aid. Kuimba peke yake hakukuwa usaliti. Mpiga ngoma Roger Taylor alishatoa albamu yake binafsi mwaka 1981, na mpiga gitaa Brian May naye alitoa yake mwaka 1983. Na kuhusu ugonjwa: kwa ushahidi wa Jim Hutton, aliyeishi naye mpaka mwisho, Freddie alipata majibu ya vipimo mwaka 1987. Miaka miwili baada ya Live Aid. Wenzake wa bendi walikuja kujua baadaye zaidi.

Soma tena hiyo aya, taratibu. Mtu aliyesimama Wembley mbele ya watu zaidi ya elfu sabini, kwa ajili ya watu waliokuwa wanakufa njaa Ethiopia, hakuwa mtu aliyepigwa na ugonjwa akazinduka. Alikuwa msanii wa miaka 38, amefanya mazoezi na wenzake, anaijua kazi yake, anaifurahia. Zile dakika ishirini na kidogo zilitoka katika kipaji na jasho. Filamu imezichukua ikazifanya zitoke katika hukumu ya kifo.

Wahakiki wengi waliona hapo kuna kitu kibaya zaidi ya kosa la historia. Walisema ugonjwa umegeuzwa fimbo: mtu anakwenda kusikotakiwa, anachapwa, anajirekebisha, anapigiwa makofi. Wengine wakaongeza kwamba Brian May na Roger Taylor walihusika katika kuitengeneza filamu, na ajabu ni kwamba ndani yake wao ndio watu wazima wenye busara wanaotaka kurudi nyumbani kwa wake zao mapema, na marehemu ndiye mtundu pekee. Marehemu hana wa kumjibia.

Kwa hiyo yule mwenzetu wa WhatsApp hakukosea kuisoma filamu. Filamu ndiyo iliyomwambia hivyo.

Mjomba

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Morogoro. Alikuwa mnywaji, hilo mtaa mzima ulijua, na kwa miaka mingi hakukanyaga kanisani isipokuwa kwenye misiba. Alikufa kwa maradhi ya ini. Siku ya mazishi wazee walinigeukia mimi, kwa sababu nimesoma na mwandiko wangu unasomeka, wakasema, "Wewe andika wasifu."

Nilikaa chini ya mwembe na daftari. Niliandika alipozaliwa, alikosoma, watoto aliowaacha. Kisha nikaandika kwamba alipougua ndipo Mungu alipomgusa, akaacha pombe, akarudi kwenye Sakramenti, akafa katika amani na Kanisa. Ilikuwa sentensi nzuri. Baba Paroko aliitumia katika mahubiri yake mafupi. Wamama walisema "Amina". Nakumbuka nilijisikia vizuri, nikajiona nimemtendea mjomba wema.

Siku ya tatu ya matanga binti yake, binamu yangu, alinifuata nikiwa nakunja mikeka. Hakuwa amekasirika. Akaniambia, "Kaka, baba alirudi kanisani akiwa mzima."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema mzee wake aliacha pombe mwenyewe, Kwaresima moja, hakuna aliyemwambia. Alitetemeka wiki nzima. Akaenda kuungama, akapokea Komunyo Pasaka ile, akaanza kuhudhuria jumuiya kila Jumamosi asubuhi. Miaka miwili baadaye ndipo akaanza kuvimba tumbo, ndipo hospitali wakawaambia ni ini. "Wewe umesema ugonjwa ndio uliomrudisha," akasema. "Si ugonjwa. Ni yeye."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia ni jambo dogo, kwamba kilicho muhimu ni kwamba alirudi. Akaitikia "haya," akachukua mkeka mwingine. Miaka imepita. Hajawahi kulirudia, na mimi sikuwa nimelifikiria tena mpaka nilipokuwa nasoma habari za tarehe za Queen saa sita usiku, nikasimama ghafla katikati ya chumba.

Nilimfanyia mjomba kile ambacho filamu ilimfanyia Freddie. Nilihamisha tarehe. Na kwa kuhamisha tarehe moja nilimnyang'anya kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufanya. Yule mtu aliamka siku moja akiwa na afya, ana fedha ya bia mfukoni, marafiki wanamsubiri, akasema hapana. Hakuna aliyemtisha. Hiyo ni neema ikikutana na hiari ya mtu, jambo ambalo makatekista wetu wanatufundisha mpaka sauti zinakauka. Mimi nikaibadilisha ikawa hofu ya kufa. Kwa nini? Kwa sababu ilisikika vizuri zaidi. Kwa sababu hadithi ya mtu anayechapwa ndipo anyooke tunaielewa haraka.

Nani alitenda dhambi?

Sasa tufungue Injili ya Yohane sura ya 9. Mnaikumbuka: wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali la kwanza linalowatoka ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Angalia vizuri. Hawaulizi jina lake. Hawaulizi amekula. Wanataka hadithi iliyopangika, kosa kushoto na adhabu kulia. Yesu anakataa kuwapa hadithi hiyo. Katika Luka sura ya 13 anafanya vilevile kuhusu watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu: anakataa kusema walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu, halafu anawageuzia wanaouliza wajiangalie wao.

Msinielewe vibaya. Kanisa lina mafundisho yake kuhusu usafi wa moyo na ndoa, mmeyasoma, siyafichi wala siyaonei haya. Ila Katekisimu hiyohiyo, namba 2358, inataka watu wenye mwelekeo wa kupenda jinsia yao wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na inakataza kila dalili ya kuwabagua isivyo haki. Kisha shuka mpaka amri ya nane, namba 2477. Pale inaelezwa dhambi ya hukumu ya haraka: kuamini kwamba jirani ana kosa la kimaadili bila msingi wa kutosha, hata kama umeamini kimoyomoyo tu, hujamwambia mtu. Na namba inayofuata inatutaka tujitahidi kuyatafsiri mawazo, maneno na matendo ya jirani kwa namna iliyo njema kadiri inavyowezekana. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba jirani akifa amri inakoma.

Freddie alikufa tarehe 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba ana UKIMWI. Ilikuwa kama miaka mitano kabla ya zile dawa za mchanganyiko ambazo leo shangazi zetu na wadogo zetu wanameza kila jioni na kuendelea na shughuli zao. Hakuwa Mkristo, familia yake ilikuwa ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na aliagwa kwa desturi za dini hiyo. Mwisho wa roho yake anaujua Mungu. Kijana anayeandika kwenye simu kwamba ameuona mwisho huo amejipa kazi isiyo yake.

Yaliyoachwa

Kuna jambo katika filamu lililonifanya nitabasamu. Baba yake Freddie, mzee Bomi, aliyekuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni Zanzibar, anamkumbusha mwanawe mafundisho ya dini yao: mawazo mema, maneno mema, matendo mema. Mkatoliki ukisikia hivyo masikio yanasimama, kwa sababu nasi mwanzoni mwa Misa tunaungama mambo hayohayo matatu. Tofauti ni kwamba sisi tunaongeza la nne, lile la kutotimiza wajibu. Yaani tuliyoyaacha.

Nikajiuliza: filamu hii imeacha nini?

Zanzibar, kwa kiasi kikubwa. Inatajwa mezani kwa maneno machache, basi. Mtoto aliyezaliwa Mji Mkongwe, akapelekwa shule ya bweni India akiwa na miaka minane, akarudi kijana, na mwaka 1964 familia ikaondoka baada ya Mapinduzi na kuanza upya Feltham, nje kidogo ya London: hayo yote ni kama hayakumtengeneza. Ukitaka kuyaona inabidi upande boti uende mwenyewe; tangu Novemba 2019 kuna makumbusho yake madogo pale Mji Mkongwe.

Kuna na la pili, ambalo sisi Waafrika tulipaswa kulipigia kelele zaidi ya masharubu. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, Afrika Kusini, ndani ya Bophuthatswana, eneo lililobuniwa na utawala wa makaburu ili ubaguzi wa rangi uonekane halali. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewaomba wasanii wasiende. Mandela alikuwa gerezani. Wao walikwenda. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukaliweka jina lao kwenye orodha ya wasanii waliovunja mgomo. Miezi tisa baadaye wako Wembley wanachangia Ethiopia. Katika filamu jambo hili halimo.

Mnaona ajabu hiyo? Kosa ambalo bendi nzima walilifanya pamoja, wakiwa na akili timamu, kwa malipo, likafutwa. Ugonjwa, ambao si kosa, ukahamishwa ili uwe adhabu ya mmoja. Nikisema filamu inahubiri dhambi na toba, lazima nikiri inahubiri vibaya: imechagua dhambi isiyowagusa walio hai.

Sisi tulipoguswa

Labda bado kuna anayesema, "Kaka, ni sinema tu." Sawa. Bohemian Rhapsody iliandikwa na Anthony McCarten. Mwaka uliofuata, 2019, huyohuyo aliandika filamu nyingine ambayo wengi wenu mnaijua: The Two Popes. Ile ya Benedikto XVI na Kardinali Bergoglio wanatembea bustanini, wanabishana, wanaungamiana, mpaka wanaangalia mpira pamoja. Mazungumzo yale yalibuniwa. Kardinali hakuitwa Roma mwaka 2012 akaambiwa siri ya kujiuzulu kwa Papa. Nakumbuka tulivyolalamika. Wengi walisema Benedikto ameonewa, amefanywa baridi na mgumu ili mwenzake ang'ae. Kwenye kundi letu kuna aliyeandika meseji ndefu kama waraka wa kichungaji kuhusu heshima kwa ukweli.

Nilirudi juu kuitafuta meseji ile. Iliandikwa na mmoja wa wale kumi na mmoja waliopiga makofi juzi.

Simsemi. Nilimpigia simu, tukacheka wote wawili, na nikamweleza habari ya mjomba. Akanyamaza kidogo halafu akasema na yeye kuna wasifu aliwahi kuuandika, wa bibi yake, ambamo alimtoa mtoto mmoja wa nje. Akakata simu mapema kuliko kawaida yake.

Kwa wiki hii naomba kila mmoja afanye jambo moja. Chukua mtu mmoja aliyekufa ambaye unapenda kumsimulia, awe mwanamuziki, jirani au ndugu. Andika kisa chake kama unavyokisimulia siku zote. Kisha mtafute mtu aliyeishi naye, umuulize tarehe. Tarehe tu. Lini aliugua, lini aliacha, lini alirudi, nani alikuwa naye. Usimwambie unatafuta funzo. Leteni Jumapili baada ya Misa ya pili, tutakaa chini ya mti uleule nyuma ya ofisi ya parokia. Kabla ya kukaa nitawasomea Yohane 9 yote mpaka mwisho, maana tukiishia katikati hatutaona jinsi majirani na wakubwa wanavyombana yule aliyeponywa aseme hadithi wanayoitaka wao, naye anang'ang'ania kile kimoja anachokijua.

Mwezi ujao tuna Misa ya kumbukumbu ya mjomba Morogoro. Nimeomba niusome tena wasifu, na wazee wamekubali, ingawa mmoja ameuliza kuna haja gani. Nimeufuta ule mstari wangu mzuri. Sasa panasomeka kwamba aliacha pombe wakati wa Kwaresima, akiwa mzima na anafanya kazi, akarudi kwenye Sakramenti Pasaka ile, na kwamba ugonjwa ulimkuta miaka miwili baadaye akiwa tayari yuko nyumbani.

Nilimtumia binamu yangu kabla ya kuuchapa. Alikaa siku nzima bila kujibu. Jioni akaandika: "Asante kaka. Ongeza kwamba spika za kanisa alizitengeneza bure, Baba Paroko mpya hajui."

Nimeongeza.